Mwanawetu Aenda Barazani

Kule Chinongwe, katika njia ya kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea, aliishi mkulima mmoja aliyeitwa Kaimu. Mke wake aliitwa Hajira. Walilima mtama, muhogo na kunde za kula, na ufuta wa kuuza. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na mikorosho michache, ambayo Kaimu aliipanda mwenyewe mwaka aliooa.

Wakati kampuni ya kulima karanga ilipokuja Nachingwea, Kaimu alikwenda huko kufanya kazi ya kung'oa visiki. Alifanya kazi vizuri, akapandishwa kuwa mnyapara. Baadaye kazi ilipungua, watu wengi wakaachishwa, naye akarudi kwenye jembe lake. Alirudi na baiskeli, nguo nzuri za Ijumaa na jina zuri. Watu walimheshimu. Palipokuwa na shauri kijijini, aliitwa atoe maoni yake.

Kaimu na Hajira walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza alikuwa Salimu. Huyu alisoma shule Ruangwa na kukaa kwa mjomba wake. Kila mtu alimjua. Wa pili alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili hivi, jina lake Mwanawetu. Huyu watu wengi hawakumjua, na waliomjua hawakumtaja mbele ya baba yake.

Mwanawetu alichelewa kwa kila jambo. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno aliyoweza kusema yalikuwa machache. Mate yalimtoka. Chakula alilishwa na mama yake. Alipenda kuchezea maji, na alipenda kucheka. Mara nyingine alicheka peke yake kwa muda mrefu bila mtu kujua anacheka nini. Wasichana wa rika lake walipoingizwa unyagoni, yeye aliachwa nyumbani. Siku ngoma zilipolia, Hajira aliingia ndani akalia. Kaimu alichukua jembe akaenda shambani, akakaa huko mpaka jua likazama.

Kaimu hakuwa mtu mkatili. Hakumpiga binti yake hata siku moja. Lakini alimwonea haya. Mgeni alipobisha hodi, Hajira alimshika mtoto mkono, akampeleka kwenye jiko la nyuma, akamkalisha pembeni ya kinu mpaka mgeni aondoke. Walifanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Mwishowe Hajira hakuwa na haja ya kumpeleka tena. Mwanawetu akisikia tu neno "hodi", aliinuka mwenyewe, akajikokota hadi jikoni, akakaa pembeni ya kinu. Kaimu aliona hivyo akashukuru moyoni. Aliona mambo yamekuwa mepesi.

Siku moja Jumbe Shaibu, mkuu wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba. Baraza la Ruangwa lilitaka kujua watoto waliofika umri wa shule ni wangapi, ili lijue shule mpya ijengwe wapi. Alifika kwa Kaimu, akakaribishwa kiti, akanywa maji, akauliza.

"Mmoja tu," Kaimu alisema. "Salimu, naye yuko shuleni tayari."

Hajira alikuwa karibu akipepeta mtama. Mikono yake ilisimama. Kisha ikaendelea tena. Jumbe aliaga akaenda nyumba ya pili.

Basi ukafika wakati wa kuvuna ufuta. Ufuta ukikauka haumsubiri mtu. Ukichelewa kuukata, vifuko vyake hupasuka na mbegu humwagika chini. Kwa hiyo kila mwenye mikono alikwenda shambani, na Hajira alitakiwa aende pia. Zamani walimwacha Mwanawetu kwa bibi yake, lakini bibi alikuwa amekwisha kufariki. Hajira alisema wamchukue mtoto, akae kivulini pembeni ya shamba. Kaimu alikataa. Shamba lao lilikuwa kando ya barabara, na wapita njia walikuwa wengi msimu ule. Alisema mtoto atakaa jikoni, na mlango utafungwa kwa nje ili asitoke akapotea. Hajira akamlisha muhogo wa kuchemsha, kisha Kaimu akafunga, akatia komeo.

Aliufunga mlango ule siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Siku moja moto wa asubuhi ulikuwa haujazimika vizuri. Labda Mwanawetu alichokoa majivu, labda aliburuta kuni, hakuna aliyeona. Nguo yake ilishika moto. Jirani mmoja, mjane aliyeitwa Mwamina, alisikia kilio akakimbilia kule, akakuta mlango una komeo. Alilifungua, akammwagia mtoto mtungi mzima wa maji. Mguu wa Mwanawetu ulikuwa umeungua kuanzia gotini kwenda chini.

Wazazi wake waliitwa kutoka shambani, wakambeba mpaka zahanati ya Chinongwe. Hapo palikuwa na mkunga aliyeitwa Marselina, mwanamke wa makamo aliyejifunza kazi katika hospitali ya misheni. Alimwosha mtoto kidonda, akampaka dawa, akamfunga bendeji safi. Kisha akauliza ilikuwaje. Kaimu alisema mtoto aliteleza jikoni. Mwamina alikuwa amesimama mlangoni, nguo zake bado zimelowa. Alimtazama Kaimu, kisha akatazama chini. Aibu ilimshika Kaimu mpaka masikio yakawaka, lakini hakubadilisha neno lake.

Kwa kuwa mtoto hakuweza kutembea kwenda zahanati kila mara, Marselina alisema atakuja nyumbani kubadilisha bendeji. Alipokuja mara ya kwanza, Mwanawetu alikuwa amelazwa barazani kwenye mkeka, na wazazi wake wamekaa karibu. Marselina alisimama uwanjani akabisha hodi.

Mwanawetu alishtuka. Alijigeuza, akaweka mikono chini, akaanza kujiburuta kuelekea jikoni. Mguu ulimuuma, akalia, lakini hakuacha. Alijiburuta huku analia, mpaka mama yake alipomkimbilia na kumshika.

Marselina aliona yote. Aliketi, akafanya kazi yake ya dawa mpaka akamaliza. Kisha akauliza kwa upole ni nani aliyemfundisha mtoto kufanya vile.

Hajira alijibu kwamba hakuna aliyemfundisha. Mtoto huyu hafundishiki, alisema. Mungu amemuumba hivyo.

"Mmemfundisha ninyi, mama Salimu," Marselina alisema. "Kila mgeni alipokuja mlifanya jambo lile lile, kwa namna ile ile, miaka mingi. Na yeye amejifunza vizuri sana. Mtoto aliyeweza kujifunza kujificha anaweza kujifunza kunawa mikono. Anaweza kujifunza kula mwenyewe."

Hajira alijifunika uso kwa kanga. Kaimu alitazama miguu yake. Katika mambo yote aliyokuwa akijiambia kwa miaka ile, kwamba anamkinga mtoto asichekwe, kwamba ni kwa faida yake, hakupata hata moja la kusema. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba mtoto hakuteleza. Yeye ndiye aliyefunga mlango.

Marselina hakumkemea. Alisema amekwisha kujua tangu siku ile, maana mtu anayeteleza haungui namna ile. Akataka kujua mtoto alizaliwaje. Hajira akamweleza. Uchungu ulianza jioni ya siku moja na mtoto alizaliwa jioni ya siku ya pili. Alizaliwa amelegea, midomo imebadilika rangi, wala hakulia mpaka walipokwisha kukata tamaa. Baadaye watu walisema mengi. Wengine walisema Hajira alivunja mwiko alipokuwa mjamzito. Kaimu alipopata unyapara Nachingwea, wengine wakasema ameuza akili ya mtoto kwa dawa ya utajiri. Hayo Kaimu aliyasikia kwa masikio yake, kilabuni, kutoka kwa watu wasiojua kwamba anapita nje.

"Sikilizeni," Marselina alisema. "Mtoto akikawia sana wakati wa kuzaliwa, hukosa hewa. Ubongo ukikosa hewa, huumia. Hakuna mwiko hapo, wala hakuna uchawi. Si kosa la mama wala la baba. Wengine huzaliwa hivi bila sisi kujua sababu, na wengine hupata baada ya homa kali ya utotoni. Dawa ya kuuponya ubongo ulioumia sina, na mtu akikuuzia dawa hiyo anakudanganya. Lakini ubongo wa mtoto huyu unajifunza. Unajifunza polepole."

Akawaonyesha namna ya kumfundisha. Jambo moja likatwe vipande vidogo. Kunawa mikono kwanza ni kushika kata. Akiweza hilo, ndipo afundishwe kuchota maji. Kisha kumimina, kisha kusugua. Kila siku iwe saa ile ile, mahali pale pale, kwa maneno yale yale. Akifanya vizuri, asifiwe. Akikosa, asipigwe wala asichekwe, bali aonyeshwe tena. Marselina aliwaonya pia kwamba asiachwe peke yake penye moto au penye kisima, na kwamba mlango usifungwe kwa nje tena.

Hajira alianza siku ile ile. Ilikuwa kazi ndefu. Kata ilianguka mara nyingi, na maji mengi yalimwagika. Mguu ulipona na kuacha kovu kubwa. Mikorosho ilipotoa maua, Mwanawetu alikuwa ananawa mikono mwenyewe, na anakula ugali mwenyewe, ingawa alijipaka mpaka kwenye nywele. Kaimu alimtazama akila. Alifurahi, na ndani ya furaha yake alijisikia vibaya, kwa sababu aliwaza miaka yote iliyopotea pembeni ya kinu.

Siku moja Hajira alimwuliza Marselina kama wako watoto wengine wa namna hii. Marselina alisema wako, tena si wachache. Mwamina mwenyewe, yule mjane aliyefungua komeo, alikuwa na mwana wa hivyo. Mzee Abdala wa upande wa mtoni alikuwa akimlea mjukuu wa hivyo. Wote walikaa majumbani, na kila nyumba ilidhani iko peke yake. Marselina alisema yeye hawezi kuzunguka nyumba zote, maana kazi yake ni uzazi. Palihitajika chumba kimoja na mwanamke mmoja wa kuwafundisha watoto hao asubuhi.

Chumba hicho kingetoka wapi? Marselina aliwaeleza. Baraza la Ruangwa, chini ya Liwali, ndilo lililotunga sheria ndogo za eneo lile. Ndilo pia lililoamua fedha za ushuru wa mazao zitumike wapi: shule, zahanati, visima. Mtu yeyote aliyelipa ushuru aliweza kupeleka ombi kwa njia ya jumbe wake. Liwe ombi moja, lieleweke, na wanaoomba waseme wao wenyewe watafanya nini.

Hajira alizunguka kwa Mwamina na kwa Mzee Abdala, na kwa nyumba nyingine mbili. Walikubaliana waombe ghala la zamani lililo karibu na zahanati, ambalo lilikuwa tupu. Waliahidi kuezeka paa na kutengeneza viti wao wenyewe. Waliomba baraza limlipe mwalimu tu. Wakamchagua Kaimu awe msemaji, kwa kuwa alijua kusema mbele ya watu. Ombi lao walilipeleka kwa Jumbe Shaibu bila kutaja majina ya watoto.

Siku ya baraza waliondoka alfajiri kwenda Ruangwa kwa miguu. Hakuna aliyekwenda na mtoto wake. Walisema njia ni ndefu, lakini kila mmoja alijua sababu haikuwa njia.

Wajumbe wa baraza walikuwa wamekaa kwenye mabenchi chini ya paa la bati, na Liwali mbele yao kwenye meza. Watu wengine walijaa nyuma na madirishani. Kaimu alisimama na kanzu yake safi. Alieleza vizuri kuhusu ghala, paa na mwalimu. Liwali alisikiliza, kisha akauliza watoto hao ni wa nani.

"Ni watoto wa kwetu Chinongwe, Bwana Liwali," Kaimu alisema.

Liwali akauliza yeye Kaimu watoto hao wanamhusu nini. Kaimu aliona nyuso zimemgeukia. Aliwaona watu wawili aliofanya nao kazi Nachingwea, waliokuwa chini yake alipokuwa mnyapara.

"Nimetumwa na majirani," alisema.

Liwali akamgeukia Jumbe Shaibu. Jumbe alisimama, akasema kweli kama alivyoijua: alipita nyumba zote za Chinongwe, akauliza habari za watoto, na hakuambiwa habari ya mtoto hata mmoja wa namna hiyo. Wajumbe wakanong'onezana. Mmoja akasema baraza haliwezi kumlipa mwalimu wa watoto wasioonekana. Shauri likawekwa kando, wakaendelea na habari za kisima.

Kaimu alikaa chini. Mwamina alikuwa amekaa nyuma na wanawake wengine, naye hakumtazama. Mzee Abdala alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Kaimu alijua kwamba wamesikia wote, na kwamba mke wake amesikia.

Njiani Hajira alitembea mbele. Walipokaribia nyumbani alisimama, akamngoja.

"Ulipofunga mlango, nilijua mtoto yuko ndani," alisema. "Leo umesema hayupo kabisa. Leo ni vibaya zaidi, baba Salimu."

Walipofika nyumbani, Mwanawetu alikuwa kwenye baraza ya nyumba na dada wa Hajira, aliyebaki naye. Alimwona baba yake akacheka, akamnyoshea mikono iliyolowa maji. Kaimu alishindwa kumtazama machoni.

Kulipokucha alikwenda kwa Jumbe Shaibu kabla hajala kitu. Alimkuta anafunga mbuzi. Kaimu alimsalimu, akakaa chini, akasema alilolijia. Siku ile Jumbe alipouliza watoto, alimdanganya. Ana watoto wawili. Wa pili ni msichana, na akili yake ni nzito, na amemficha tangu alipozaliwa.

Jumbe Shaibu alikasirika. Alisema Kaimu amemfanya yeye aseme uongo mbele ya Liwali.

"Baraza linagawa kwa yale linayoambiwa," alisema. "Mmenificha watoto, na mimi nimewaficha watoto bila kujua. Mnataka wapewe nini?"

Kaimu alikubali kosa. Alikaa pale pale mpaka hasira ya Jumbe ikapoa. Mwishowe Jumbe alisema atalirudisha shauri lile katika baraza lijalo, lakini kwa sharti moja. Safari hii kila mzazi aende na mtoto wake. Wajumbe wawaone kwa macho yao.

Siku ilipofika, Kaimu alimpandisha Mwanawetu nyuma ya baiskeli, akamfunga kwa kanga asianguke, akaisukuma njia nzima huku Hajira akitembea ubavuni. Mwamina alimwongoza mwanawe kwa mkono. Mzee Abdala alikuja na mjukuu wake mgongoni kwa kijana wa jirani. Walipoingia Ruangwa ilikuwa siku ya soko. Watu waliacha kupima choroko, wakatazama. Watoto wadogo waliwafuata. Mtu mmoja aliyekuwa amekaa mbele ya duka alisema kwa sauti, "Zezeta." Wengine wakacheka.

Mbele ya Kaimu akasimama mmoja wa wale wawili wa Nachingwea, akamsalimu kwa heshima, kisha akamtazama msichana na kuuliza ni nani yule.

Wakati ule Kaimu angeweza kusema ni mtoto wa jirani, na yule mtu angeamini. Hajira alikuwa pale, lakini hakumsaidia. Alingoja.

"Ni binti yangu," Kaimu alisema. "Anaitwa Mwanawetu."

Yule mtu alisema Mungu amkuze, akapita. Basi. Hakuna kilichoharibika. Kaimu aliendelea kusukuma baiskeli.

Barazani Mwanawetu hakutulia. Alicheka kwa sauti wajumbe walipokuwa wanaongea, akapiga benchi kwa kiganja. Mtoto wa Mwamina alilia. Mjumbe mmoja alisimama akasema kwa ukali kwamba shule zilizopo haziwatoshi watoto wenye akili timamu; je, hawa wapewe mwalimu kwa kazi gani?

Liwali alimpa Kaimu nafasi. Kaimu alisimama. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa yamepotea. Aliinama, akapandisha nguo ya Mwanawetu mpaka gotini, kovu likaonekana.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Mara ya kwanza nilisimama hapa nikamkana. Mguu huu ameungua kwa sababu yangu. Nilimfungia jikoni nikaenda kuvuna. Sikumfungia kwa kuwa simpendi. Nilimfungia kwa sababu shamba langu liko barabarani, na ninyi mngemwona. Ninalipa ushuru wa ufuta kama baba yeyote. Siombi mwanangu awe karani. Naomba awepo mtu wa kumfundisha kuvaa, kula, kuchota maji, ili mama yake aende shambani na mlango usifungwe."

Hajira akaomba ruhusa, akasimama pia, ingawa wanawake hawakuzoea kusema pale. Alieleza jinsi Mwanawetu alivyojifunza kunawa. Akamwita mtoto, akamwekea kata na ndoo ya maji ya wajumbe. Mwanawetu alitazama watu wengi wale, akasita. Kisha akashika kata, akachota, akamimina, akasugua. Maji mengi yalikwenda kwenye viatu vya tarishi wa baraza aliyesimama karibu. Alipomaliza aliwainulia wote mikono yake, akacheka.

Liwali alimtazama kwa muda. Akauliza jina lake tena, akaambiwa. Akawauliza wajumbe kama yupo mwenye la kusema. Yule mjumbe mkali alisema, taratibu kidogo kuliko mwanzo, kwamba kwa ndugu zake kijijini yupo mtoto mmoja wa namna hiyo. Hakusema zaidi, akakaa.

Baraza halikutoa kila kitu. Lilikataa kuahidi mshahara wa mwalimu kwa miaka yote. Lakini lilikubali kutoa lile ghala, na kumlipa mwalimu mpaka msimu wa ufuta wa mwaka uliofuata, halafu shauri litazamwe tena. Uamuzi ulipelekwa Nachingwea kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, auidhinishe. Wazazi walingoja wakidhani umepotea. Baada ya muda jibu lilikuja, na jibu lilikuwa ndiyo.

Wazazi waliezeka paa kwa nyasi mpya. Mwalimu alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Dionisia, na Marselina alimfundisha kazi. Watoto walikuwa watano mwanzoni. Walijifunza kujisaidia chooni, kuosha uso, kuvaa, kupepeta, kusuka ukili wa kushonea mikeka. Mwanawetu hakuwahi kujua kuhesabu, wala maneno yake hayakuwa mengi. Lakini alijifunza kusuka ukili mrefu ulionyooka, na kuubeba mwenyewe hadi nyumbani. Mama yake alilima msimu mzima, na ufuta haukumwagika. Mwaka ulipogeuka wazazi walirudi barazani, wote pamoja na watoto wao, na baraza likaendelea kumlipa Dionisia.

Ile haya haikumtoka Kaimu kwa siku moja. Mara nyingine, msichana alipocheka kwa sauti mbele ya wageni, bado alihisi masikio yanawaka. Lakini hakuinuka kumficha.

Asubuhi moja alikuwa juu ya paa la lile ghala, anaziba mahali palipovuja. Akamwona mwanamume amesimama mbali kidogo, kofia mkononi. Hakumjua. Yule mtu alitazama mlango, akatazama barabara, akataka kuondoka, akarudi. Kaimu alishuka, wakasalimiana. Mgeni alijitaja kuwa ni Jumaa, ametoka Malolo. Alisema alikuwa akipita tu. Amesikia kuna mahali pa kufundishia watoto fulani, na rafiki yake mmoja huko Malolo ana mtoto kama hao, basi akaona amwulizie.

Kaimu alimkaribisha kiti. Alimweleza yote: saa za kufungua, kazi wanazofundishwa, namna ya kupeleka ombi kwa jumbe wa Malolo ili na wao wapate chumba chao. Jumaa alisikiliza kwa makini, macho yameelekea chini.

"Mtoto wako anaitwa nani?" Kaimu aliuliza.

Jumaa alizungusha kofia yake mikononi. Ndani Dionisia alikuwa anawaambia watoto wakae.

"Amiri," alisema.

"Mlete Amiri," Kaimu alisema. "Tutakwenda barazani pamoja."